Nyumba Hii Inafanya Kazi Gani?

Sokoni Kakamega watu walimkwepa kwa adabu. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akimwona anavuka barabara aliinama chini ya kaunta kana kwamba ameangusha kitu. Muuza nyanya alishika simu sikioni na kuanza kumsalimia mtu ambaye hayupo. Hawakumchukia. Walimwalika harusini, na mwaka alipougua walimpelekea ingokho, kuku wa kienyeji, na unga. Walichoogopa ni maneno yake. Alikuwa wakala wa bima, mama mnene mwenye sauti ya kubembeleza, na angeweza kusimama mbele ya nyumba uliyoipaka rangi juzi akakuuliza, "Mama, hii ikianguka leo saa nane, mtaenda kukaa wapi?"

Huku kwetu wapo wengi wanaoamini kwamba ubaya ukitajwa unasikia. Nami nilikuwa mmoja wao.

Tulimwita Mama Bima. Jina lake lenyewe nililiona kwenye karatasi nilizotia sahihi, lakini sikuwahi kulitamka. Hata kanisani waliokaa naye benchi moja walimwita hivyo, na yeye aliitika bila kinyongo.

Alikuwa na mazoea yake. Hakuwahi kuingia nyumba kwa mlango mara tu alipofika. Alitoa gambuti zake za mpira kwenye mfuko, akazivaa, akaizunguka nyumba kwanza, polepole, kiganja chake kikiwa kimegusa ukuta muda wote kama daktari anayetafuta mahali panapouma. Alinusa swichi za stima. Aligonga mbao. Alitazama mti wa jirani, akapima kwa macho utaangukia upande gani. Na alipomaliza aliuliza swali lile lile alilomuuliza kila mtu, awe na ghorofa au nyumba ya udongo: "Nyumba hii inafanya kazi gani?"

Watu walicheka. Nyumba inafanya kazi gani? Inakaliwa. Lakini yeye hakucheka, alingoja jibu huku kalamu iko mkononi.

Nyumba yetu iko Lurambi. Tuliijenga mimi na mume wangu kidogokidogo, chumba kimoja kwa kimoja, kwa miaka ambayo hata sitaki kuikumbuka. Mume wangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha sukari na huja nyumbani Jumamosi. Siku nyingine niko mimi, binti yetu Nanjala, na mama mkwe wangu. Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, na chumba cha mbele, ambacho kwa wengine kingekuwa sebule, kwangu ndicho karakana: cherehani mbili za stima, moja ya miguu, pasi, na vitambaa vimerundikwa hadi dirishani.

Mafundi walipoondoka, nikaanza kuogopa. Tulipokuwa tunapanga chumba mjini sikuwa na hofu ya mvua. Nyumba ikivuja, mwenye nyumba atajua. Sasa mwenye nyumba ni mimi, na Kakamega mvua huja baada ya saa nane mchana, na haiji peke yake. Huja na radi zinazopasua anga juu ya vichwa vyetu, na siku nyingine huja na mawe. Ngurumo ya kwanza ikisikika nilikuwa nazima mashine, nachomoa pasi, nasimama katikati ya chumba bila kujua nifanye nini na mikono yangu. Mama mkwe alinitazama tu. "Wewe umekuwa kama kuku aliyeona mwewe," aliniambia.

Ndipo nikaamua kutafuta bima. Lakini mwanamke mmoja sokoni alinionya: ukisema unafanya biashara ndani ya nyumba watakuongezea malipo, au watakukataa kabisa. Basi siku ambayo Mama Bima alikuwa anakuja, nilisukuma mashine zote hadi chumba cha kulala, nikazifunika kwa shuka, nikapeleka vitambaa jikoni na kuvificha nyuma ya magunia ya mahindi. Nilifagia mara mbili. Niliweka viti vinne na kitambaa cha maua mezani, nikaketi hapo kama mgeni kwangu.

Alifika, akazunguka nje. Kisha, kabla sijajua anachofanya, akaegemeza ngazi ya jirani ukutani na kupanda juu ya mabati, na gambuti zake, na unene wake. Mama mkwe akatoka jikoni mbio.

"Wewe mama! Shuka! Mwanamke hapandangi juu ya nyumba! Unatuletea mkosi gani hapa?"

"Nashuka, mama, nashuka," alijibu kutoka juu, lakini hakushuka mpaka alipofika ukingo wa upande wa magharibi. Aliposhuka alimwendea mama mkwe, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akainama. "Nisamehe mama. Najua si vizuri. Lakini mabati ya pale pembeni yameshikwa na misumari miwili tu kila moja. Upepo utayabeba. Afadhali unikasirikie mimi."

Mama mkwe alivuta mkono wake, akarudi jikoni akinung'unika.

Mama Bima akavua gambuti mlangoni, akaingia na soksi. Hatua ya tatu akasimama. Akanyanyua mguu, akashika ukuta, akachomoa kitu kwenye unyayo na kukiweka juu ya kitambaa cha maua, mbele yangu. Ilikuwa pini ya kushonea.

"Nyumba hii inafanya kazi gani?" aliuliza.

"Tunaishi tu, Mama."

Alitazama mlango wa chumba cha kulala. Akatazama viti vyangu vinne. Sikuona hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alifunga faili yake.

"Siwezi kuandika nyumba ambayo sijaambiwa habari zake," alisema. "Ukiwa tayari, nipigie."

Akavaa viatu akaenda. Hakunywa hata chai.

Nilikasirika siku nzima. Nilimwambia mume wangu kwamba yule mama ana maringo, kwamba mawakala wamejaa mjini. Na kweli walikuwepo. Kijana mmoja mwenye viatu vinavyong'aa alinihakikishia kwa simu kwamba hana haja hata ya kuja. "Nitumie picha ya mbele tu, madam, mengine niachie." Nilipiga picha hiyo. Nilisimama uani nikiwa nimeshika simu, kidole kiko tayari, na sikuituma. Siwezi kusema ni kwa sababu nilikuwa mwaminifu. Niliwaza tu kwamba mtu asiyetaka kuijua nyumba yangu leo hataijua siku nitakapomhitaji.

Wiki tatu zilipita hivyo, sina bima yoyote, na msimu wa mvua umeshika. Alasiri moja, radi zikipiga upande wa msituni, mama mkwe akaja akasimama mlangoni mwa karakana. Akauliza, "Yule mwanamke wa kwenye paa alisema mabati yatabebwa. Umeshaweka misumari?"

"Bado, mama."

"Kwa nini bado?"

Kesho yake nilimwita fundi, na baada ya fundi nikampigia Mama Bima.

Safari hii sikuficha kitu. Aliingia, akaona mashine, akaona pasi, akaona rundo la vitambaa vya bluu na vya kijani, na uso wake ukalegea kama mtu aliyefikishwa nyumbani. "Sasa tunaongea," alisema. Akaketi kwenye kiti changu cha kushonea, akaniambia habari ya Shianda.

Alipoanza kazi hii, alisema, alikuwa na haraka. Alimwandikia mama mmoja mjane wa Shianda bima ya nyumba yake, ile ya moto peke yake, kwa kuwa ndiyo rahisi kuelezea na ndiyo rahisi kulipia. Hakumweleza kwamba zipo nyingine. Mwaka haukuisha, upepo ukaja ukang'oa paa lote na kulitupa kwenye shamba la miwa. Mjane alikuja mjini na hati yake, ameitunza vizuri ndani ya karatasi ya plastiki. Hakujua kusoma. Aliitandaza mezani, akaweka kidole juu yake na kusema, "Nisomee pale walipoandika upepo."

"Nikasoma," Mama Bima aliniambia. "Nikasoma yote, kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa. Nilijua neno hilo halipo, lakini nilisoma. Kidole chake kilikuwa kinanifuata."

Sikuthubutu kumuuliza ikawaje.

Tangu hapo, hati yoyote aliianza kwenye kurasa za mwisho, kule ambako kampuni huandika kwa herufi ndogo mambo ambayo haitayalipa. Alinisomea hizo kwanza. Mchwa hawalipwi. Ukuta unaoanguka kwa uzee haulipwi. Nyumba ikiachwa tupu muda mrefu na wezi wakaingia, hawalipi. Nyumba iliyoandikwa ya kuishi tu ikikutwa na biashara ndani yake, wana haki ya kukukana. Aliposoma hiyo hakuniangalia, na mimi nilitazama sakafu.

Baada ya kunitisha hivyo ndipo aliponionyesha njia zilizopo. Ipo ya moto na radi peke yake. Ipo inayoongeza dhoruba, mvua ya mawe na mafuriko. Ipo ya jengo bila vyombo, na ya vyombo bila jengo, ambayo inamfaa mpangaji. Na ipo ya mtu kama mimi, ambaye nyumba yake ina mashine za kazi. Nilipotaka kuandika thamani ambayo ningeuzia kiwanja na nyumba pamoja, alinizuia. "Shamba haliungui," alisema. "Andika kitakachohitajika kuijenga upya, matofali na mabati na fundi. Ukiandika kidogo ili ulipe kidogo, siku ya kufidiwa nao watakupa kidogo." Tulichagua jengo pamoja na dhoruba, vyombo, na mashine. Ilituchukua mchana kutwa. Nilipotia sahihi nilitazama paa kwa hofu, na nilipomtazama yeye, naye alikuwa analitazama.

Hilo ndilo lililonishangaza kumhusu nilipozidi kumjua. Nilidhani mtu anayekaa na ajali kila siku huzizoea. Yeye hakuzoea chochote. Radi ikipiga alishtuka kuliko Nanjala, akaficha uso kwa kiganja na kucheka kwa aibu. Mvua ikianza akiwa sokoni, ungemwona amesimama chini ya kibaraza, midomo yake inacheza. Nilidhani anaomba, mpaka siku moja niliposogea na kusikia anataja nyumba: ile ya Amalemba yenye bati la zamani, ile ya mwalimu kule Matungu karibu na mto, yangu. Alikuwa anatupitia mmoja mmoja kichwani.

Na bado alikuwa mtu wa kicheko. Alipenda harusi na alicheza ngoma ya isukuti mpaka jasho likamtiririka. Alipenda obusuma, ugali wa wimbi, na mboga za kienyeji, na alikula bila haraka. Alikuwa mkali kwa wanaume waliotaka kuandika bima kwa siri ya wake zao. "Ukifa nani atajua karatasi iko wapi?" aliwauliza, na hakuandika mpaka mke aitwe. Mume wangu mwenyewe, aliyekuwa anamwita nabii wa mabaya, alijikuta anamsubiri Jumamosi ili amwonyeshe alivyorekebisha nyaya za stima.

Dhoruba yetu ilikuja mwaka wa pili, siku ya Alhamisi. Nilikuwa shuleni nikipima wanafunzi. Mawe yalianguka yakaufanya uwanja kuwa mweupe, na radi moja ikapiga kwa nguvu mpaka mwalimu mkuu akaacha kuongea. Simu ikalia. Alikuwa jirani. "Rudi nyumbani. Mama yuko salama. Rudi tu."

Sikumbuki nilivyofika. Namkumbuka mama mkwe amesimama uani kwenye matope, amejifunika gunia, amemshika Nanjala mkono. Radi ilikuwa imefuata waya wa stima ikaingia kwenye mashine. Mashine ikashika moto, moto ukashika vitambaa. Majirani walimwaga maji na matope, na mvua yenyewe ikasaidia mahali paa lilipopasuka. Chumba cha mbele kilikuwa cheusi. Mabati ya upande wa magharibi yalibaki mahali pake.

Mama Bima alifika kabla sijampigia. Alisimama mlangoni mwa kile chumba, akatazama ndani, akamgeukia mama mkwe kwanza. "Mama, umeumia?" Mama mkwe akatikisa kichwa. Wakashikana mikono, wote wawili wamelowa, wakakaa hivyo muda.

Mkaguzi wa kampuni alikuja baada ya siku nne. Usiku wa siku hizo zote sikulala. Nilihesabu uongo niliowahi kusema maishani. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani. Alisimama juu ya majivu, akaokota gurudumu la cherehani, akaligeuza mkononi.

"Hapa palikuwa na biashara?" aliuliza.

Nilijua imeandikwa, niliiona ikiandikwa, lakini neno "hapana" lilikuwa karibu kuliko "ndiyo". Nilimtazama Mama Bima.

"Mwambie," alisema. "Yote."

Nikasema. Karakana, mashine tatu, pasi, sare. Mkaguzi akafungua hati, akapitisha kidole, akasimamisha kidole. "Ndiyo, imo," akasema, na akaandika.

Tulisubiri barua kwa wiki nyingi. Ilipokuja, ilikubali jengo, ikakubali mashine na vyombo. Lakini vitambaa ilivikataa. Vitambaa havikuwa vyangu. Vilikuwa vya shule mbili zilizonipa nishone, na mali ya watu wengine iliyowekwa kwangu haikuwa imeandikwa popote.

Nilimpigia kumweleza. Saa moja baadaye alikuwa mlangoni kwangu, bila faili, bila mfuko.

"Sikukuuliza vitambaa ni vya nani," alisema. "Nilikaa juu ya kiti chako nikaviona. Vya bluu na vya kijani. Sikukuuliza."

"Mama, hata mimi sikufikiria."

"Si kazi yako kufikiria hilo. Ni yangu."

Alilia. Sijawahi kuona mtu mzima akilia kwa kosa dogo namna ile, nami nilijua halii kwa ajili yangu peke yangu. Nilimpa chai, akaishika bila kuinywa. Kisha akaondoka, na kesho yake akarudi na gauni lake la kanisani, tukaenda wote kwenye zile shule mbili. Hakuniacha niongee. Aliwaeleza walimu wakuu mwenyewe kwamba fundi hana kosa, kosa ni la wakala, na akaomba nipewe muda nilipe vitambaa kwa kazi. Mmoja alikubali papo hapo. Wa pili alinifokea, kisha mwezi mmoja baadaye akakubali. Nilishona karibu mwaka mzima bila ujira mpaka nikamaliza. Kila mara nilipokwenda sokoni nilimwona akimuuliza mtu swali lile la zamani, na baada yake swali jipya: "Na vilivyomo ndani ni vya nani?"

Mara ya mwisho nilipokutana naye ni mwaka huu. Alikuwa ameacha kazi, magoti yamemshinda, na aliniomba nimsaidie kuhama. Nilikwenda na mume wangu na pikapu ya kuazima. Aliishi nyuma ya safu ya maduka, vyumba viwili vya kupanga, na vitu vyake vyote vilijaza nusu tu ya gari.

"Mama," nilimuuliza, "hujawahi kuwa na nyumba yako?"

"Sijawahi."

"Miaka yote hii?"

"Ningelala saa ngapi?" alijibu, akacheka, na kicheko kikaishia njiani.

Binti yake alikuwa amemjengea nyumba kule Kabras. Vyumba vitatu, mabati mapya, na jina la Mama Bima mwenyewe ndilo lililoandikwa kwenye cheti cha ardhi. Alinieleza hayo akiwa ameketi juu ya godoro lililofungwa kamba, kama mtu anayeeleza ugonjwa aliogunduliwa nao. Alikuwa hajaenda kuiona. Bima yake alikuwa ameshaiandikisha, hilo lilikwisha. Hilo silo lililokuwa linamsumbua.

"Wewe," aliniambia kwa sauti ya chini ili mume wangu asisikie, "siku ile ya kwanza mlipohamia kwenu, ulilala?"

"Nililala, Mama."

"Ulifanyaje?"

Nilifikiria. Nilitaka kumpa jibu zuri, kwa yote aliyonifanyia, lakini sikulipata.

"Nilichoka tu," nikasema. "Nilikuwa nimebeba vitu mchana kutwa."

Alinitazama kuona kama nataniana naye. Alipoona sitanii, aliinuka, akakaza kitambaa kichwani, akampita mume wangu aliyekuwa anainamia sanduku la vyombo, lile zito kuliko yote. "Wacha hilo, baba," alimwambia. "Hilo nipe mimi."